Aliyetuvisha Koti Moja

Siku ya kwanza nilipoketi mbele ya meza yake, Prefe hakuniuliza jina. Alitazama tumbo langu, lililokuwa na miezi minane, akauliza:

"Bwana iko wapi?"

"Shabunda."

"Ku dhahabu?"

"Ku dhahabu, Prefe."

"Anakutumiaka kitu?"

"Apana."

Akaandika neno moja kwenye daftari, kisha akaligeuza nisome. Kwa Kifaransa chake kisafi alikuwa ameandika kwamba mimi ni mtu wa kujitegemea. "Hii njo batu ba kuajiri banapenda," alisema. "Ile ya bwana kukimbia, peleka kwa padri."

Huku kwetu Prefe ni mkuu wa shule ya sekondari. Shule yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine miaka mingi kabla sijamjua, lakini cheo kilimganda, na wateja wake wengi hawakujua kama ana jina lingine. Nami sitalitaja. Alikuwa na chumba katika mtaa wa Kadutu, chini ya soko, kwenye njia ya mteremko ambayo hata wenye pikipiki huiogopa. Zamani alikuwa akipiga fotokopi na kuwaandikia watu barua. Halafu ukaja ule mtandao wa kazi, ambako kila mtu anaweka picha yake, masomo yake na kazi alizofanya, na mashirika huingia humo kutafuta watu wa kuajiri. Vijana wote wa Bukavu wenye diploma wakataka ukurasa. Wachache walijua waandike nini. Prefe alijua, au sisi tuliamini anajua, na Kadutu hayo mawili hayana tofauti kubwa.

Naye alikuwa na haja yake, wala hakuificha. Alitaka kuitwa. Alitaka shirika moja, hata dogo, limwandikie yeye mwenyewe kwamba linamhitaji aje afundishe watu wake. Alikuwa na ukurasa aliouanza kabla ya wa mteja yeyote, na kila asubuhi kabla ya kufungua mlango alitazama nani amepita kuusoma. Maman Prefe, mkewe, aliniambia kwamba hata kanisani simu yake haikuzimwa, na padri alishamwonya mara mbili. "Nimefanya batu baitwe," alikuwa akisema. "Na miye nitaitwa." Wamesema mganga hajigangi. Huyu alijiganga kila siku, tena kwa dawa ileile aliyotupa sisi.

Watu humkumbuka kama mtu mkali. Mimi naona neno hilo halimtoshi, kwa sababu mkali hukasirika, na Prefe sikumwona akikasirika hata siku moja. Alikuumiza akiwa ametulia, akilamba ncha ya kalamu. Kazi yake ilianza kwa kukuvua. Ulimsimulia maisha yako kwa miaka, na palipokuwa na mwaka usio na kitu aliweka kidole juu yake, akangoja mpaka useme.

"Hapa kuko shimo ya myaka ine," aliniambia.

"Nilikuwa nachunga mama. Alikuwa mugonjwa, hakuweza kutembea."

"Alipona?"

"Alikufa, Prefe."

"Basi matokeo tunaacha. Tunaandika kazi tu."

Akaandika kwamba kwa miaka minne nilisimamia huduma za mgonjwa wa muda mrefu, pamoja na chakula, dawa na usafi. Yote yalikuwa kweli. Nilikuwa nimemgeuza mama kitandani mara tatu kwa siku, miaka minne, na sasa kazi hiyo ilikaa kwenye mstari mmoja na nusu, kati ya diploma yangu na lugha ninazozungumza. Mbele yake sikulia. Nililia nikipanda mteremko wa kurudi sokoni, na tangu siku hiyo nilimchukia, hata nilipokuwa nikimshukuru.

Hakuna aliyetoka mle bila kidonda. Nilikuwapo siku alipokuja bwana mmoja mzima wa Bunyakiri, mwalimu, aliyefika Bukavu akikimbia vita, na watoto watano na mfuko wa nguo. Prefe alimuuliza amekimbia mara ngapi. Yule bwana akasema mara tatu, na mara ya tatu mke wake alibaki njiani.

"Alibaki, ao alikufa?"

"Hatuyui."

"Andika: anazoea kuhama, anaweza kutumika fasi yenye usalama mudogo." Alimtazama juu ya miwani. "Mara tatu ni muzuri. Mara moja haingetosha."

Yule mwalimu alicheka. Nilimwona akicheka, meno yote nje, kisha akajifuta uso kwa kiganja na kuomba kiti kisogezwe karibu na mlango. Nasema alimtendea ukatili. Nasema pia kwamba sentensi ile, ya mtu awezaye kufanya kazi mahali pasipo salama, ilikuwa nzuri sana, na kwamba leo, kazini kwangu, naisoma kila wiki kwenye kurasa za watu wengi ambao hawakupita njia ya mwalimu yule.

Mama yangu alikuwa mtu wa methali, na siku moja nilimpa Prefe moja ya kwake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alinicheka mpaka akakohoa. "Kizuri kinaozaka ku meza," alisema. "Nenda ku soko uangalie. Mwenye kupiga kelele njo anarudia na kitunga mutupu." Kwa hiyo alipiga kelele kwa niaba ya watu, kwa Kifaransa, na kelele zile alizipanga vizuri. Ukurasa usianze na unachotaka, uanze na unachoweza. Usiseme ulikuwa katika kamati, sema kamati ilifanya nini. Mtu wa kuajiri ana dakika moja na wewe, na katika dakika hiyo anatafuta sababu ya kukuacha. Aliyekuja na habari za kwaya aliambiwa atoe kwaya, kwa kuwa hawatafuti malaika. Aliyejisifu kuwa mnyenyekevu aliulizwa kama kuna mtu amewahi kulipwa kwa unyenyekevu. Baada ya maneno hayo mtu alikubali kila kitu.

Ajabu yake ni kwamba hakuvumilia uongo. Jamaa mmoja alimletea mbuzi ili amwongezee diploma asiyokuwa nayo. Prefe alimtoa nje yeye na mbuzi wake, na njia nzima ikajua, kwa sababu mbuzi aligoma kupanda. Mwaka wa diploma hakuusogeza kwa mtu yeyote, hata kwa mtoto wa dada yake. Kwake uongo ulikuwa kuandika jambo ambalo halikutokea. Jambo lililotokea aliweza kulipa jina ambalo mwenyewe asingelitambua, na hilo aliliita kazi. Mwanamke mmoja mwenye diploma, ambaye alikuwa ameuza sambaza miaka ishirini pale juu sokoni, alisomewa ukurasa wake uliokamilika. Wale samaki wadogo wa ziwa walikuwa wamekuwa ugavi wa chakula kinachoharibika haraka.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni weye, maman."

"Miye sinuke hivi."

"Njo maana," alisema Prefe.

Sasa niseme habari ya koti, maana ndilo lililotufikisha tulipofika. Prefe aliamini kwamba picha ndiyo mlango. Wateja wake walikuja na mashati ya shule, na fulana za kampeni, na vitenge vya kanisa, na yeye aliona haya kwa niaba yao. Akanunua koti kwenye nguo za mtumba, la bluu nzito, zito kama blanketi, lenye nanga ndogo ya uzi wa dhahabu kifuani. Sijui lilitoka chama gani cha matajiri wa Ulaya. Yeye aliona nanga ile inampa mtu heshima. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mteja alilivaa dakika tano, akasimama mbele ya shuka jeupe, akapigwa picha. Wanaume na wanawake, wanene na wembamba. Wembamba aliwabana kwa vibanio vya nguo mgongoni.

Na huyu mtu aliyekuvua kwa maneno mpaka ukabaki mifupa, koti lile alilifua kwa mikono yake. Kila Jumamosi alilipeleka nyumbani, akalipiga pasi ya makaa, kola kwanza, halafu mikono. Maman Prefe hakuruhusiwa kuligusa. Nilimkuta siku moja akiisugua shingo ya koti kwa limau, polepole, na nikamwambia kwa utani kwamba angemsugua mkewe hivyo wangekuwa na amani. Alinijibu bila kuinua macho: "Jasho ya mutu wa mbele haipashwe kumuharibia mutu wa nyuma." Nadhani hilo ndilo neno la upendo zaidi nililowahi kulisikia kwake, na sikulielewa mpaka baadaye.

Mimi koti halikunienea. Tulijaribu vifungo, tukajaribu kuliacha wazi, tumbo likakataa. Kwenye kile chumba walikuwamo watu sita wakingoja zamu. Prefe alinitazama kama gunia ambalo halipiti mlangoni.

"Vula," alisema. "Tumbo haiombake kazi. Tunakata ku shingo."

Wale sita walicheka. Nikapigwa picha ya kichwa tu, na shingo, na kipande cha kola ya gauni langu la manjano. Miezi mitano baada ya kujifungua nikaitwa na shirika moja lenye ofisi Muhumba, nikaajiriwa kwenye idara inayopokea maombi ya kazi. Prefe aliichapa picha yangu kubwa na kuibandika ukutani, juu kidogo ya fotokopi. Kila aliyeingia alionyeshwa. "Huyu, miye njo nilimuandika."

Wiki yangu ya kwanza ofisini, bosi wangu, mtu wa Kinshasa mwenye sauti laini, aliniketisha pembeni yake ili nijifunze kuchuja. Majina yalikuwa yakipita kwenye skrini, kila jina na picha yake. Alifika kwenye moja akaipeleka kando bila kusoma. Akafika kwenye nyingine, vilevile. Ya tano nikaona nanga.

"Hawa tunawaita mabaharia," aliniambia kwa Kifaransa, akitabasamu. "Kuna kiwanda mahali fulani hapa mjini. Koti moja, maneno yaleyale. Kama koti ni la kuazima, na diploma itakuwa ya kuazima. Ukiona nanga, usipoteze muda."

Nilicheka naye. Nilicheka kabla sijafikiri, kama yule mwalimu wa Bunyakiri. Halafu nikasogeza uso kwenye skrini, kwa sababu watu wa picha zile niliwajua. Mmoja wao alikuwa muuguzi wa Nyantende aliyenipisha kwenye foleni kwa ajili ya mimba yangu. Diploma yake nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, ina mhuri na ina jasho. Na nikaelewa kwamba mimi nimeketi pale kwa sababu moja tu, kwamba koti lilikataa kufungika.

Ningeweza kusema siku ile. Ningemwambia bosi kwamba koti ni la kuazima lakini watu ni wa kweli. Sikusema, kwa hofu kwamba ataniuliza ukurasa wangu uliandikwa na nani. Hiyo ndiyo sababu ninayoitoa nikiwa mbele ya watu. Ningeweza basi kushuka Kadutu jioni na kumwambia Prefe alitoe koti msumarini. Kwa hilo sina sababu ya kuitoa mbele ya watu. Nilikumbuka wale sita walivyocheka. Nilikumbuka shimo la miaka minne. Nikawaza: acha nanga imzamishe. Nilifurahi, na furaha ile ilikaa wiki kadhaa, nzuri na ya moto. Ilipokwisha nilikuwa nimeshakaa kimya muda mrefu mno, na kuanza kusema kungekuwa kukiri.

Mdogo wangu alipotaka ukurasa, nilimpiga picha mwenyewe, nyumbani, akiwa na shati lake. Nilimwambia asikanyage kwa Prefe. Aliajiriwa mwaka uleule.

Miaka mitatu nikawachuja mabaharia kwa mkono wangu, na sasa lazima niseme jambo baya kuliko hilo. Mara nyingine, kazi ikipungua, nilifungua ukurasa wa Prefe mwenyewe. Sijui nilitafuta nini. Alikuwa amevaa koti, bila shaka, kidevu juu, na chini yake maneno mazuri kuliko ya wateja wote: miaka yake ya kufundisha, walimu aliowalea, shule aliyoiacha na vitabu ilhali aliikuta na kuta tupu. Nilimsoma, nikafunga. Wakati ule sikujua kwamba mtandao ule humwonyesha mtu shirika la aliyemsoma. Nilikutana naye kwenye njia panda siku ya soko, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baliingia kwangu," alisema. "Shirika yenu. Mara ine mu mwezi moja. Banachunguza."

"Inawezekana, Prefe."

"Haba batu habakimbilie. Banachunguza kwanza."

Alikuwa ameshawaambia wenzake wote wa mteremko. Nilirudi ofisini nikajizuia wiki mbili, kisha nikamfungua tena. Nilijiambia ni huruma, angalau aone mtu amepita. Huruma ya namna hiyo wanampa mbwa wa mtu mwingine.

Alikuja ofisini mara moja tu. Tulikuwa tumetangaza kazi ya mtu wa kufundisha walimu wa vijijini, kazi iliyokatwa kwa kipimo chake, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kupokea maombi, saa kumi na moja jioni. Saa nane mlinzi alipiga simu kwamba kuna muzee mlangoni. Nilimpokea kwenye chumba kidogo cha mikutano. Alikuwa amekonda. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na sweta, na alikaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, kama walivyokaa wateja wake.

"Maman, sikukuya kukuomba kazi," alisema. "Dosie ya maombi nilituma sawa batu bote. Nilikuya juu unisomee. Vile nilikusomeaka. Uko ndani, unaona. Uniambie fasi yenye inaoza."

Nikafungua kompyuta, nikaiweka katikati yetu. Ukurasa wake ukatokea. Ningeweza kumwambia ni mzuri. Pengine ningekuwa mwanamke mwema kama ningemdanganya, lakini nilichagua ukweli, na nilijua wakati ninauchagua kwamba ndio unaouma zaidi.

"Hakuna fasi inaoza, Prefe. Ni koti."

"Koti?"

"Batu bote benye ulipigaka picha bako na koti moja. Bosi akiona nanga, anatupa. Hasomake hata mustari."

Alisogeza uso kwenye skrini, akaitazama picha yake mwenyewe muda mrefu.

"Bote?"

"Bote."

"Na infirmiye wa Nyantende?"

"Naye."

"Yule mwalimu wa Bunyakiri, wa batoto tano?"

"Naye, Prefe."

Aliendelea. Hakuwa na daftari, na alikumbuka kila mtu: aliyesoma sheria, mapacha wa Bagira, binti wa shemasi. Kwa kila mmoja nilijibu neno lile moja, na kila nilipojibu alitikisa kichwa kidogo kama mtu anayehakiki orodha ya mtihani. Alipomaliza akavua miwani.

"Uliyua tangu wakati gani?"

Nilidhani ataniuliza kwa nini. Kwa hilo nilikuwa na majibu matatu tayari.

"Tangu wiki yangu ya kwanza."

"Ni myaka tatu."

"Ndiyo."

"Maman wa sambaza alikuya kwangu mwaka uliopita. Aliona picha yako ku ukuta, njo akaketi."

Alifuta miwani kwa ncha ya sweta, akaivaa.

"Miye nilibaumiza," alisema. "Lakini miye sikuyua."

Simu yangu ilikuwa mezani. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe, na dirisha lilileta mwanga mzuri wa mchana. Picha mpya ingechukua dakika moja, na kuibadilisha dakika mbili, na tulikuwa bado na karibu saa tatu kabla ya kufunga maombi. Yeye hakuomba. Nami sikumpa, kwa sababu kama angeajiriwa angekaa meza ya tatu kutoka kwangu, na kila asubuhi angenisalimu akijua. Nilimsindikiza mpaka langoni. Alimshukuru mlinzi, akaulizia njia fupi ya kwenda barabarani, akaondoka.

Saa kumi na moja niliketi kuchuja. Yalikuwa maombi mengi, na la kwake halikuwa la mwisho wala la kwanza. Nilipolifikia nilililaza kando pamoja na mengine ya nanga, nikaenda kwenye lililofuata. Barua ya kuwakatalia watu huandikwa na mashine, yote sawa kwa kila mtu, ikianza na jina la mwombaji. Simu yake italia kwa ile sauti aliyoingoja, atasoma jina lake limeandikwa vizuri, na chini kabisa, mahali pa sahihi, atakuta langu.